Kombi ya Volkswagen au HiAce ya zamani: familia yenu ifufue ipi?

Tangu Kombi yetu ya 1974 ianze kupita mitaani Tororo, watu hunisimamisha kwenye kituo cha mafuta na kuniuliza swali lile lile. Mmoja ana Kombi ya marehemu baba yake inayooza nyuma ya nyumba huko Busia. Mwingine ameona HiAce ya Toyota ya miaka ya 80 ikiuzwa bei ya kutupa Malaba. Zamani ilikuwa kamunye, yaani teksi ya abiria, sasa kuku wanataga ndani. Wote wana watoto, wote wanatafuta kazi ya kufanya nao siku za mapumziko, na wote wanataka kujua wachukue ipi.

Magari haya yote mawili nimelala chini yake. Kombi tumeifufua wenyewe nyumbani: mimi, mke wangu, binti yetu ambaye tulipoanza alikuwa na miaka 13, na mdogo wake wa kiume wa miaka 9. HiAce ni ya shemeji yangu wa Jinja, kaka wa mke wangu. Ni ya 1985, na kabla ya kufika kwake ilikuwa ikibeba samaki kutoka mwalo wa Masese. Mimi ni mtu wa Kombi, sifichi. Lakini familia nyingi zinazoniuliza nimeziambia zichukue HiAce, na nitaeleza kwa nini.

Kadi kwanza, spana baadaye

Mwaka 2018 sheria ya usalama barabarani ilirekebishwa, na tangu hapo gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Kwa hiyo Kombi nzuri uliyoiona Bungoma au Kisumu ikiwa na namba za Kenya si yako, hata mwenyewe akikupa bure. Tafuta yenye namba za Uganda na kadi yake ya usajili. Nimeona watu wa mpakani wakipoteza fedha hapa, na inaniuma, kwa sababu kosa lenyewe hufanyika siku ya kwanza kabisa.

Kwa Kombi shida ya kadi ni kubwa kuliko kwa HiAce. Nyingi zilizobaki nchini zilikuwa za misheni, za shule au za vyama vya ushirika. Zimepita mikono mitatu minne, na jina lililo kwenye kadi unakuta ni la mtu aliyezikwa zamani. Ya kwetu ilikaa chini ya mwembe wa misheni, na tulihangaika miezi 5 kutafuta barua na sahihi. Mke wangu alikataa katakata gari lisivutwe kuja nyumbani kabla jina halijanyooka. Wakati ule niliona ananichelewesha. Leo namshukuru. HiAce ya shemeji ilibadilishwa jina upesi tu, kwa kuwa aliyemuuzia alikuwa hai na kadi ilikuwa mfukoni mwake.

Soma namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe, uilinganishe na kadi. Kadi huonyesha pia namba ya injini na rangi, na magari haya kwa umri wake yameshabadilishwa vyote viwili.

Kutu imekaa wapi

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Watu huniuliza habari za injini, nami huwaambia waache injini kwanza, wapige magoti.

Uganda haina bahari, wala hatumwagi chumvi barabarani kama nchi za theluji. Kutu yetu inaletwa na maji yaliyokwama. Vumbi la murram huingia ndani ya boksi za chuma zilizo chini ya milango, mvua ya Aprili inaligeuza tope, na tope lile linakaa na unyevu wake miezi na miezi. Chuma kikigeuka kutu huvimba kuliko kilivyokuwa, ndiyo sababu rangi hutoa malengelenge na mabati mawili yaliyounganishwa hutengana yenyewe. Gari lililobeba samaki na barafu ni baya zaidi, kwa kuwa sakafu haikauki kamwe. Baya kuliko yote ni lile lililobeba chumvi. Ukiambiwa gari lilifanya kazi kule Ziwa Katwe, Kasese, usilisogelee.

Kombi haina chesisi ya kutenganishwa na bodi. Reli mbili ndefu, mikono inayotoka pembeni, na zile boksi za tabaka tatu chini ya milango, vyote vimechomelewa na sakafu vikawa kitu kimoja. Kutu huanzia huko chini na kwenye sehemu za kuwekea jeki. Halafu huja chini ya kioo cha mbele, maana raba ikikauka maji hushuka hadi kwenye sakafu ya miguu ya dereva. Huja kwenye mifereji ya paa, kwenye trei ya betri ndani ya chumba cha injini ambako asidi imekuwa ikidondoka miaka, na kwenye reli ya chini ya mlango wa kuteleza. Kwa maneno mengine, Kombi huugua mifupa kabla ya ngozi. Inaweza kung'aa kwa rangi mpya huku chini imekwisha.

HiAce nayo imejengwa bodi na fremu pamoja, lakini zile nilizozichungulia kutu yake huanza mahali pa kuonekana: ngazi za kukanyagia mbele, matao ya magurudumu ya nyuma, pembe za chini za kioo cha mbele, ukingo wa mlango wa nyuma. Na kama ilikuwa kamunye, angalia sakafu. Viti vya abiria 14 vimefungwa, vikafunguliwa, vikahamishwa, na kila tundu la boliti lililoachwa wazi limekuwa mlango wa maji.

Siku tuliyokwenda kuitazama HiAce ya shemeji, binti yangu alikuwa na sumaku iliyotoka kwenye spika kuukuu, tumeifunga kitambaa isikwaruze rangi. Alianza mlango wa dereva akaiburuta polepole kuelekea nyuma. Ilishika, ikaendelea kushika, ikafika juu ya gurudumu la nyuma ikateleza na kuanguka kwenye nyasi. Akaiokota akairudisha pale pale. Ikaanguka tena. "Baba, hapa si chuma," akasema. Fundi wa bodi tuliyekuwa naye akagonga kwa kifundo cha kidole, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mlango wa mbao. Baadaye tulipochimba tulikuta fila, ile dawa ya kusawazishia bodi, nene kama kidole gumba, na chini yake gazeti lililokunjwa kujazia tundu. Shemeji alilinunua gari hata hivyo, lakini bei ilishuka vya kutosha kulipia matao mawili mapya. Sumaku ile haikutugharimu chochote.

Chukua pia bisibisi kubwa. Omba ruhusa, kisha choma kwa nguvu ya kawaida chini ya milango na kwenye reli. Ikizama, hapo hakuna chuma. Mwisho weka jeki mahali pake, inua kona moja, ufungue na kufunga mlango wa kuteleza. Mlango ukigoma, mwili wa gari umelegea. Kwenye Kombi jeki yenyewe inaweza kuzama ndani ya bodi. Ikizama, hesabu kwamba umenunua kazi ya mwaka mzima.

Je, gari lenye mifupa iliyooza litupwe? Si lazima. Ya kwetu ilikuwa imeoza boksi zote za kushoto. Lakini kabla ya kukata chochote chini ya Kombi, chomelea vyuma vya kukingamisha kwenye nafasi za milango ili isijikunje, ukate upande mmoja tu, umalize, ndipo ugeukie wa pili. Aliyekata pande zote mbili kwa haraka atapata gari ambalo mlango wake hautafunga tena maisha yake yote.

Chuma cha kuwekea

Bati la bodi la magari haya lina unene wa milimita 1 hivi. Mashine ya kuchomelea ya vijiti iliyozoeleka mitaani hulitoboa. Gesi hulipinda kwa joto. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya, achomelee tone moja moja huku akihama kutoka kona hii kwenda ile, bati lipate kupoa. Nunua bati jeusi la chuma. Usikubali mabati ya paa hata yakiwa bure, kwa sababu yamepakwa zinki, na moshi wa zinki humpa mchomeleaji homa na baridi kali usiku wake. Kwa Kombi nyingi na HiAce nyingi bati jipya lililokwisha kufinyangwa halipatikani hapa, kwa hiyo fundi hukunja mwenyewe. Mafundi wa Katwe kule Kampala wanaliweza hili vizuri ajabu. Hata Tororo tunao wawili.

Ndani ya boksi mpya mwaga nta ya kuzuia kutu kabla ya kuziba, na uache vile vitundu vya kutolea maji wazi. Hivi vitundu vilitobolewa kiwandani kwa sababu. Nusu ya magari niliyochungulia mtu amevijaza fila akidhani anayazuia maji yasiingie.

Injini mbili, tabia mbili

Kombi ya kioo kimoja cha mbele ilitoka 1967, mwaka ule ule ambao Toyota ilitoa HiAce ya kwanza. Zaidi ya hapo hazifanani. Injini ya Kombi yetu ni ya cc 1584, mitungi minne iliyolala, iko nyuma kabisa, na inapozwa kwa hewa. Haina redieta wala maji, na haina hata chujio la karatasi la oili, ila chekeche la waya. Inachukua lita 2.5 za oili, na huo ndio uhai wake. Kila kilomita 5,000 tunamwaga, tunasafisha chekeche, tunapima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.15. Kazi hii sasa anaifanya binti yangu. Analala chini, anaondoa kifuniko kwa kubonyeza waya wake, anaingiza kile kibati chembamba cha kupimia, na uso wake unatulia akisikia kinateleza kwa ugumu unaotakiwa.

Injini ile ina uzito wa zaidi ya kilo 100 kidogo. Imeshikwa na gia boksi kwa boliti 4, na kishikizo chake cha nyuma. Tuliishusha sisi wanne kwa jeki ya magurudumu na kipande cha mbao, kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Mwanangu mdogo kazi yake ilikuwa kuandika kila waya umetoka wapi kwenye vipande vya plasta na kuvibandika. Daftari lake ndilo lililotuokoa wiki 7 baadaye tulipoirudisha.

Kombi ina ubaya mmoja mkubwa. Mirija ya raba ya petroli ikizeeka hupasuka, na petroli hudondokea injini ya moto. Kasha la injini lenyewe limetengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesi, na moto ukishalipata hauzimiki kwa maji. Mirija tuliyoitoa ya kwetu niliikunja kidogo kwa vidole ikakatika kama tambi kavu. Badilisha mirija yote kabla ya kuwasha gari hata mara moja, pamoja na vibanio vyake, na uweke kizima moto mahali dereva anapofika kwa mkono. Sikuruhusu mtu wa nyumbani mwangu apande kabla hilo halijafanyika. Angalia pia raba inayozunguka injini na yale mabati ya kuielekeza hewa. Mafundi wasioijua Kombi huyatupa wakiona hayana kazi, na bila hayo injini huvuta hewa yake ya moto yenyewe na kujichoma.

HiAce ya shemeji ina dizeli ya Toyota aina ya 2L, cc 2446, na iko chini ya viti vya mbele. Inua kiti, fungua kifuniko, unaiona. Kuishusha ni jambo jingine: ni nzito, gari liinuliwe juu sana, na si kazi ya watoto. Kupimwa kwa pampu na nozeli ni kwa fundi mwenye mashine yake. Adui wa injini hii ni joto. Redieta ikiziba au maji yakipungua, silinda hedi hupasuka, na kamunye nyingi zimeendeshwa na maji ya bomba matupu hadi njia za maji zikajaa kutu. Ukinunua HiAce, hesabu redieta, mipira yote na pampu ya maji kama sehemu ya bei. Ukishafanya hivyo, injini inadumu. Shemeji ameshakwenda nayo Arua na kurudi bila kufungua boneti, kama HiAce ingekuwa na boneti ya kufungua.

Spea

Hapa HiAce inashinda, tena mbali. Injini za 2L na 3L zilifungwa pia kwenye Hilux, kwa hiyo Kisekka pale Kampala utapata kila kitu, kipya cha kuiga, kipya cha asili na cha mtumba. Ndeeba vile vile. Ukikosa asubuhi, utapata jioni, na basi la Jinja litakuletea.

Kombi inataka subira. Kombi ya umbo hili iliendelea kutengenezwa Brazil hadi mwisho wa 2013, kwa hiyo dunia haijaishiwa vipuri, lakini vinatoka mbali. Tahadhari moja: za Brazil ni za usukani wa kushoto. Dashibodi, pedali na mambo ya stelingi havitakufaa. Agiza Uingereza au Afrika Kusini. Gasketi, plagi, vipuri vya kabureta na viatu vya breki nilivipata Nairobi. Raba ya kioo cha mbele tuliisubiri miezi 4. Wakati huo gari lilikaa limefunikwa turubai, na mwanangu akirudi shuleni swali lake la kwanza lilikuwa kama raba imefika. Kama watoto wenu wanakata tamaa upesi, lifikirie hili kwa uzito. Magurudumu tu ndiyo hayana shida. Yote mawili hutumia inchi 14, na matairi ya gari dogo la mizigo yapo kila mji.

Nani atashika nini

Jibu langu huanzia hapa, maana mtu anayetaka gari tu atapata la nafuu zaidi sokoni. Mnafufua gari pamoja ili muwe pamoja, na kwa hilo jiulizeni gari linawapa kazi gani watu wa nyumbani.

Kombi inawapa nyingi. Karibu kila kitu kimefungwa kwa boliti za kawaida, nyingi za spana ya 13, na mtoto anaweza kuelewa kwa macho kinachofanyika: waya huu unavuta kabureta, mrija huu unapeleka hewa. Mke wangu alishona viti vyote kwa cherehani yake. Binti alijifunza umeme wa gari kwa sababu mwenyewe alitaka taa ziwake. Mdogo wake alisugua boliti kwa brashi ya waya, akazipanga kwenye makopo ya maziwa kwa saizi. Mimi nilibaki na uchafu wa chini na kulipa bili.

HiAce nayo ina kazi za watoto, lakini nyingi ni za bodi na ndani: kung'oa viti vya kamunye, kukwangua gundi ya mazulia, kusugua rangi, kuosha vioo. Watoto wa shemeji walifanya hayo likizo moja, wakaifurahia, halafu gari likaenda kwa mafundi na wao wakarudi kwenye simu zao. Sisemi ni vibaya. Familia ile ina mtoto mchanga na biashara, likizo moja ndiyo waliyokuwa nayo.

Mambo ambayo mtoto hashiki, kwenye gari lolote kati ya haya: grinda, mashine ya kuchomelea, na breki za zamani. Vumbi la viatu vya breki vya enzi zile lina asbesto. Usilipulize kwa kompresa. Lowesha kwa maji ya sabuni, upanguse, utupe kitambaa. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo isuguliwe ikiwa imelowa, na barakoa usoni. Tangi la mafuta litoke na kuwekwa mbali kabla cheche ya kwanza haijaruka, na betri ifunguliwe.

Nyumbani au gereji

Shemeji alipeleka HiAce yake kwenye gereji moja wafanye bodi yote kwa bei moja ya kukubaliana. Baada ya wiki 3 ilirudi ikiwa nyeupe, inameremeta, watoto wakapiga nayo picha. Baada ya misimu miwili ya mvua malengelenge yakatokea pale pale juu ya magurudumu. Tulipokwangua tukakuta matao mapya yamewekwa kweli, ila juu ya kutu ya zamani ambayo haikukatwa, na fila ikapakwa juu kusawazisha. Maji yaliingia katikati ya mabati mawili yakapata nyumba.

Hili halikuwa kosa la fundi peke yake. Bei ya jumla humsukuma mtu afunike. Sisi tulimlipa mchomeleaji wetu kwa siku, aje nyumbani Jumamosi, na kanuni ilikuwa kwamba hakuna pengo linalozibwa kabla mmoja wetu hajaona chuma cheupe kikimetameta na kupiga picha. Tulitumia fedha zaidi kwa siku, na umeme ukikatika alikunywa chai akalipwa vile vile. Lakini tunajua kilichomo ndani ya kila boksi. Kama mnachukua HiAce na hamna mahali pa kufanyia kazi, basi mkubaliane na gereji ilipwe kwa hatua: kukata, mkaone, kuchomelea, mkaone, kupaka rangi ya kuzuia kutu, mkaone, ndipo fila nyembamba na rangi ya juu. Mmoja wenu aende kila hatua. Ikiwezekana aende na mtoto mwenye sumaku.

Msimu

Kazi ya chuma na rangi inataka ukavu. Kwetu mashariki mvua nzito ni Machi hadi Mei, na nyingine huja Septemba hadi Novemba. Shule hufunga mapema Desemba na kufunguliwa Februari, na miezi hiyo ndiyo mikavu. Likizo ndefu imetuangukia mahali pake hasa. Tulipanga kukata na kuchomelea Desemba, rangi Januari, na wakati wa mvua tukafanya vitu vidogo barazani: kabureta, distributa, taa, viti. Chuma kikichunwa kisilale usiku bila kupakwa. Hata ukavu wa Januari una umande, na asubuhi utakikuta kimeshakuwa cha rangi ya chungwa. Kombi ilituchukua likizo ndefu mbili na Jumamosi nyingi katikati yake. HiAce ilimchukua shemeji miezi 4, ukiongeza ile ya kurudia matao.

Barabarani

HiAce inabeba watu na mizigo, inapanda mlima madirisha yakiwa wazi bila kulalamika, na inaweza kuingiza fedha: harusi, wanafunzi, bidhaa za soko. Kombi huenda kilomita 70 kwa saa na inafurahi hivyo. Tukienda Mbale, kilomita 45 hivi, tunafika, ila malori hutupita. Kutoka 1971 Kombi zilikuwa na breki za diski mbele, kwa hiyo usichukue ya zamani zaidi kama mtabeba watoto. Na kwa yote mawili, miguu ya dereva iko mbele kabisa na hakuna chuma kirefu cha kupokea mgongano. Fungeni mikanda ya usalama katika kila kiti, kwenye bati lililoimarishwa nyuma yake, na msisafiri usiku.

Kwa hiyo nikiulizwa, mimi nauliza maswali mawili. Je, gari hili lazima lianze kulipa ada ya shule mwaka ujao? Na je, kuna angalau mtu mmoja mzima nyumbani atakayekuwepo Jumamosi nyingi kwa miaka miwili? Anayejibu ndiyo kwa la kwanza, achukue HiAce, tena yenye injini ya dizeli iliyo nzima, na fedha zake aziweke kwenye bodi. Anayejibu ndiyo kwa la pili, na ana kadi safi na chuma hai chini ya angalau upande mmoja, achukue Kombi. Aliyejibu hapana kwa yote mawili, namwomba aliache gari pale lilipo alifunike turubai, kwa kuwa likifunguliwa na kuachwa nusu njia linaoza haraka kuliko lilivyokuwa.

Yule bwana wa Busia mwenye Kombi ya marehemu baba yake alijibu ndiyo kwa la pili. Jumamosi hii tunakwenda kuitazama. Binti yangu ameshatia sumaku, bisibisi na tochi kwenye mfuko wa shule, na ameniuliza kama bwana yule ana watoto, apate kuwachukulia brashi za waya.